Tarihi ya Kompyuta Isiyomaliza Kuamka

Miongoni mwa hitilafu zote zinazoweza kuipata kompyuta ya mezani, hakuna iliyowasumbua mafundi kwa miaka mingi, wala iliyowatia wenye mali katika dhiki, kama ile ya mashine inayowashwa, ikaanza kuamka, na kabla haijafikia mwisho wa kuamka kwake ikajikata ghafla na kuanza tena tangu mwanzo, mara ya pili, ya tatu na ya kumi, mpaka mtu aichomoe kwenye umeme kwa kuihurumia. Mashine iliyokufa kabisa ni rahisi kuihukumu, na mashine inayokataa jambo moja huku ikitenda mengine yote hujieleza yenyewe. Bali hii inayozunguka mlangoni haiko miongoni mwa wafu wala walio hai, na ubaya wake mkubwa ni kwamba kila inapoanza upya huufuta ushahidi wa kitu kilichoiangusha. Kwa sababu hiyo, mtu akiitazama tarihi ya hitilafu hii tangu kompyuta zilipobuniwa hata leo, ataona kwamba ufundi wote uliozuka kuikabili, ujapokuwa wa zama mbalimbali na wa mikono mbalimbali, una dhamira moja, nayo ni kuilazimisha mashine isimame pale ilipoangukia ili iseme.

Hatari ya saa ya kuwasha ni ya kale kama kompyuta zenyewe. Kompyuta ya ENIAC, iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia na kuonyeshwa hadharani mwezi Februari 1946, ilikuwa na valvu za kioo zipatazo 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi, na wahandisi wake, wakiongozwa na John Mauchly na J. Presper Eckert, walitambua mapema kwamba valvu zilikufa zaidi wakati wa kupata moto na wakati wa kupoa kuliko wakati wa kazi, kwa kuwa nyuzi za ndani hutanuka na kunywea, na unyonge wowote uliojificha hudhihiri hapo. Shauri walilolikata lilikuwa la busara ijapokuwa lilikuwa na gharama: wasiizime, ikae ikiwaka usiku na mchana kwa kadiri ilivyowezekana. Manahodha wa pwani yetu wanajua kwamba jahazi haliogopi bahari kuu kama liogopavyo mlango wa mwamba, na mashine za hesabu zilizaliwa na tabia hiyohiyo. Fauka ya hayo, mashine ile haikuwa na njia ya kujipima yenyewe ikatoa habari zake, hata mabibi sita walioajiriwa kuipangia kazi, miongoni mwao Kathleen McNulty, Betty Snyder na Jean Jennings, wakalazimika kuusoma muundo wake katika michoro mpaka wakawa na uwezo wa kuifuatilia hitilafu karibu hadi kwenye valvu yenyewe. Elimu yote ya kutafuta dosari ilikuwa vichwani mwao, na insafu inatutaka tuseme kwamba hao ndio waliokuwa mafundi wa kwanza wa kompyuta, ijapokuwa kwa miaka mingi majina yao hayakutajwa.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, kompyuta ya EDSAC iliyojengwa na Maurice Wilkes na wenzake ilitenda kazi yake ya kwanza. David Wheeler, aliyekuwa mwanafunzi wa utafiti, alikuwa ametunga amri 31 za mwanzo, zikafungwa kwa nyaya katika swichi za kuzunguka za namna iliyotumika katika simu. Mtu alipobonyeza kitufe amri hizo zilimiminwa katika kumbukumbu, nazo zikaanza kuusoma utepe wa karatasi uliobeba programu iliyokusudiwa. Si kila mashine iliyofuata ilikuwa na raha hiyo. Altair 8800, iliyotangazwa Marekani mwezi Januari 1975 kwa watu wa kawaida walioipokea kwa shauku kubwa, haikuwa na kitu chochote cha kuanzia pindi iwashwapo, na mwenyewe alipaswa kuziingiza amri za mwanzo moja baada ya moja kwa swichi ndogo zilizopangwa usoni pake, kila mara alipoizima na kuiwasha, na kosa la swichi moja lilitosha kuibatilisha kazi yote. Ilikuwa taabu, lakini ilikuwa taabu yenye nuru, maana mtu aliyetembea hatua zote kwa vidole vyake hakuhitaji kuuliza mashine imesimama wapi.

Mambo yalibadilika tarehe 12 Agosti 1981, kampuni ya IBM ilipoitoa kompyuta yake ya mezani, mfano nambari 5150, iliyobuniwa na kikundi kidogo cha wahandisi huko Boca Raton katika jimbo la Florida. Ndani yake ilikuwamo programu ya kudumu iitwayo baiosi, ambayo kabla ya kuita kitu chochote kutoka kwenye diski iliijaribu prosesa, ikaipima kumbukumbu kipande kwa kipande, ikaita kibodi na kungoja jibu. Yote yakiwa salama, ilitoa mlio mmoja mfupi; ikiwa kadi ya skrini ina kasoro, na kwa hiyo hakuna njia ya kuandika neno, ilitoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi; na kama skrini ilikuwa nzima iliandika nambari, 201 kwa kumbukumbu, 301 kwa kibodi, na baada ya toleo la XT la mwaka 1983 lililokuja na diski ngumu ikaongezwa 1701 kwa diski hiyo. Mwaka 1984 toleo la AT likazidisha utaratibu huo kwa kuandika nambari ya kila hatua katika mlango mmoja wa ndani, mlango wa 80, hata mafundi wakaundiwa kadi ndogo ya kuchomeka yenye tarakimu mbili nyekundu, inayoonyesha hatua ya mwisho mashine iliyoifikia kabla ya kuanguka. Kadi hizo zinauzwa mpaka leo. La kusifiwa zaidi ni kwamba IBM iliichapisha orodha nzima ya amri za baiosi yake katika kitabu cha ufundi, mtu yeyote mwenye subira akaweza kusoma kinachotendeka tangu nukta ya kwanza ya kuwasha; kazi iliyokuwa siri ya wahandisi ikawa elimu ya mtu wa dukani.

Lakini mashine hiyohiyo iliyopewa ulimi ilipewa pia sababu ya kwanza ya halali ya kujizungusha. Pawa saplai, yaani kisanduku kinachoigawia mashine umeme, baada ya kuwashwa huupima umeme wake wenyewe kwa muda wa baina ya sehemu ya kumi ya sekunde na nusu sekunde, na hapo ukituama huipelekea mazabodi, ubao mkuu wa mashine, ishara kwamba umeme ni mwema. Ishara hiyo ikitoweka, hata kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, mazabodi huisimamisha prosesa, na ishara ikirejea huianzisha tangu mwanzo. Huu ni ulinzi, si kasoro, kwa kuwa prosesa iliyopungukiwa na umeme huweza kuandika upuuzi katika diski. Nao umeme hujaribiwa zaidi katika sekunde zile za mwanzo, ambapo diski ngumu, ili izunguke kutoka katika kutulia, huvuta mkondo mara tatu au nne ya ule inaoutumia ikisha kuzunguka, wakati feni zote nazo zinaondoka pamoja. Pawa saplai iliyochoka ambayo ingeweza kuibeba mashine mchana kutwa hushindwa kuinyanyua, ikapungua, ishara ikakatika, mashine ikaanza upya, diski ikavuta tena, na mzunguko ukaendelea bila kosa lolote la programu.

Wakati hayo yalipokuwa yakitukia ng'ambo, Afrika ya Mashariki ilikuwa ikipita njia yake yenyewe. Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya mashaka yaliyoipata kazi ya hesabu za serikali, ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, hata nchi ikaukosa wakati ambapo mashine hizi zilikuwa zikitoka katika vyumba vikubwa na kuja mezani. Milango ilipofunguka, na biashara ikashamiri katika miaka ya 1990, zilizoingia kwa wingi hazikuwa mpya. Zilikuwa zimetumika katika maofisi ya Ulaya na Marekani, nyingine zikapitia Dubai mikononi mwa wafanyabiashara, nyingine zikaletwa na jumuiya za hisani kama Computer Aid International ya London, na huko Nairobi shirika la Computers for Schools Kenya lililoanzishwa mwaka 2002 likazisafisha na kuzigawa kwa shule. Siwezi kuungana na wanaoziita takataka kwa jumla, kwa kuwa mashine hizo ndizo zilizowafundisha vijana wengi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi ufundi wao, na hakuna chuo kilichokuwa na vifaa vya kufungulia na kuharibu kwa wingi kama vilivyokuwa katika mabanda yale.

Somo la kwanza lilikuwa swichi moja nyekundu mgongoni mwa pawa saplai, karibu na tundu la waya, yenye kuandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mashine iliyotoka Marekani ilikuja ikiwa katika 115, na mtu aliyeichomeka katika umeme wetu wa volti 230 bila kuitazama alisikia mshindo, akaona moshi mwembamba ukitoka katika matundu ya feni, na harufu yake ikakaa chumbani siku nzima. Somo la pili lilikuwa umeme wenyewe, unaoshuka jioni watu wote wanapowasha majiko na majokofu, na unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mwaka 2006, ukame ulipolipunguza maji bwawa la Mtera na Tanzania ikaingia katika mgao mkali, kompyuta ziliwashwa na kuzimwa zisivyokusudiwa na waliozitengeneza, na saa ya hatari ambayo wahandisi wa Philadelphia waliikwepa kwa kutozima kabisa, kwetu ikaja mara kadhaa kwa siku.

Juu ya mashaka hayo likaja balaa la kapasita, ambalo kwa maoni yangu ndilo tukio kubwa kuliko yote katika tarihi ya hitilafu hii, wala sioni kuwa limepewa haki yake katika maandishi yetu. Kapasita ni kijaluba cha alumini kinachosimama wima katika mazabodi, kimo chake kama ncha ya kidole, kazi yake kuusawazisha umeme unaoingia katika prosesa ili usipande na kushuka; kubwa zake hupangwa kwa safu kuizunguka prosesa, na ndani ya kila kimoja mna karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa katika maji ya dawa. Tangu mwaka 1999 hivi mpaka katikati ya miaka ya 2000, kapasita nyingi zilizotengenezwa Taiwani zilitiwa dawa iliyopungukiwa na kitu cha kuizuia alumini isiliwe na maji, na kila mashine ilipopata joto maji yakaishambulia alumini, ikazaliwa gesi ya haidrojeni, na kijaluba kikavimba. Magazeti ya wahandisi yalisimulia mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003 kwamba asili ya jambo ni mtaalamu aliyeondoka katika kampuni ya Kijapani akachukua siri ya dawa, nayo ikanakiliwa pasipo kukamilika. Huo ulikuwa usimulizi, na unavutia kama visa vyote vya wizi uliomrudi mwizi, lakini mtu mwadilifu hapaswi kuuegemea mno, maana hata kapasita za Nichicon, kampuni ya Japani yenye sifa, zilizotiwa katika kompyuta za Dell za jina OptiPlex, zilivimba vilevile. Dell ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya matengenezo, na hati za mahakama zilizofunuliwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba baina ya Mei 2003 na Julai 2005 iliuza kompyuta zipatazo milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari hiyo. HP na Apple nazo zilipata sehemu yao ya msiba.

Sasa na tuangalie miaka. Kompyuta ya ofisi huko Ulaya na Marekani hustaafishwa baada ya miaka mitatu hadi mitano, na kapasita zile zilianza kushindwa baada ya miwili au mitatu. Kwa hiyo mashine nyingi zilifika katika bandari zetu zikiwa na hitilafu iliyokwisha kuiva, na pengine ilikuwa ndiyo sababu ya kuuzwa kwake. Mnunuzi aliijaribu dukani ikawaka, akaibeba kwa furaha, na baada ya miezi michache ikaanza kuzunguka. Tena ilizunguka kwa namna iliyowachanganya watu akili, kwa kuwa kapasita mbovu hufanya kazi vizuri kidogo ikiwa na joto kuliko ikiwa baridi: asubuhi mashine ilianza na kukatika mara tano au sita, kisha ikakubali, ikatumika mpaka jioni bila lawama. Mwenyewe alidhani imepona, na wengine waliamini kwamba mashine ina mashetani au imezoea mkono wa mtu fulani, kumbe yale mazunguko ya asubuhi ndiyo yaliyokuwa yakiipasha moto. Kila wiki yalihitaji kuwa mengi zaidi, mpaka siku ikafika haikukubali tena.

Aliyekuwa na jicho hakuhitaji kipimo chochote. Kichwa cha kapasita hukatwa mikwaruzo ya msalaba kwa makusudi, ili gesi ikizidi ipasukie hapo badala ya kulipuka, na kapasita nzima ina kichwa kilichonyooka kama sarafu. Fundi huinamisha mazabodi usawa wa macho, akaitazama safu yote dhidi ya mwanga wa mlango, na palipo na kichwa kilichotuna hata kidogo, au ukoko wa rangi ya kahawia juu ya msalaba, au kijaluba kilichoegemea kwa sababu kitako chake kimesukumwa chini, hapo pana jibu. Kuzing'oa ni kazi ya taratibu, kwa kuwa mazabodi ina tabaka kadhaa za shaba zinazonyonya moto wa kulehemia, na mkono wenye haraka huiharibu njia ya tundu isirudi tena. Mpya hutiwa kwa kuzingatia uwezo wake, aghalabu mikrofaradi 1,000 au 1,500 kwa volti 6.3, na kuzingatia mstari wa upande hasi, na iwe ya namna inayovumilia nyuzi 105 za joto na yenye ukinzani mdogo wa ndani. Asiyepata mpya hung'oa nzima kutoka katika mazabodi iliyokufa kwa sababu nyingine. Mashine ngapi zilirudishwa uhai kwa namna hii hakuna aliyehesabu, bali ufundi huo, uliofanywa kwa bei ndogo mno katika mabanda yenye joto, uliziokoa shule na ofisi zisizokuwa na fedha ya kununua nyingine, na ninauheshimu kwa dhati.

Zipo sababu za upande wa pili, za programu, na humo tarihi imegeuka kwa ajabu, kwa kuwa kuanza upya kulibuniwa kuwa dawa. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kikishuka mwezini, kompyuta yake ililemewa na kazi, ikajianzisha upya mara kadhaa, ikatupa kazi zisizo na maana na kushika zile za lazima, na watu wakatua salama, kwa sababu ilijengwa itende hivyo na kutoa nambari ya onyo kila mara. Vile vitufe vitatu vya Ctrl, Alt na Del, alivyovipanga David Bradley wa IBM ili wahandisi wasipoteze wakati wa kungoja kumbukumbu ipimwe kila mara, vikawa baadaye desturi ya dunia nzima. Lakini Windows XP ya kampuni ya Microsoft ilipotolewa tarehe 25 Oktoba 2001, ilikuja ikiwa imewekwa kwamba ikipata ajali kubwa ijianzishe yenyewe papo hapo. Nia ilikuwa njema kwa mashine zinazokaa peke yake usiku. Ila skrini ya buluu, ambayo ndiyo shahada ya mashine juu ya ajali yake, ilimulika kwa muda usiofika sekunde na kutoweka, na ajali ikitokea katika kuamka kwenyewe ilirudi na kutoweka pasina kikomo. Ajali ilikuwa na jina lake limeandikwa waziwazi, lakini hakuna jicho lililoweza kulisoma. Ilichukua mpaka Agosti 2004, katika nyongeza yake iitwayo Service Pack 2, ndipo orodha inayofunguliwa kwa kitufe cha F8 ikaongezewa mstari mmoja wa kuzuia kujianzisha huko, na mstari huo, ujapokuwa mdogo, uliwafaa mafundi kuliko maelfu ya kurasa za mwongozo. Kwa huo waliiona nambari 0x0000007B, inayosema kwamba Windows imeshindwa kuifikia diski ya kuanzia, nayo ilikuwa ya kawaida sana kwetu ambako diski ilihamishwa kutoka mazabodi iliyokufa na kutiwa katika nyingine ya namna tofauti. Na waliiona 0x000000ED, ambayo aghalabu iliwaelekeza kwenye waya wa diski au kwenye diski yenyewe iliyoanza kuoza.

Virusi navyo vilikuja na mlango wao. Blaster, iliyozagaa tarehe 11 Agosti 2003, iliangusha huduma moja ya ndani ya Windows, kisha kisanduku kikatokea kikihesabu sekunde 60 kabla ya mashine kujifunga. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili, Sasser ikafanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Katika visa vyote viwili Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka kabla ya virusi, bali mashine isiyokipata, mara tu ilipoungwa na mtandao ili ikipakue, ilishikwa kabla ya kumaliza, na mtu aliyejua kuandika amri ya shutdown -a kabla ya sekunde kwisha alionekana kuwa na karama. Mwezi Februari 2010 likatokea la kinyume: kiraka halali cha Microsoft kiliingia katika mashine zilizokwisha kuambukizwa kirusi cha Alureon kwa siri, kirusi kikaita mahali pasipokuwapo tena, na mashine zikaanza kuzunguka, watu wakakilaumu kiraka, hali chenye kosa kilikuwa kirusi walichokuwa wameishi nacho kitambo bila ya kujua.

Mbele ya sababu nyingi kiasi hiki, fundi mzuri hakimbilii bisibisi. Mteja huingia na mashine kifuani akasema, "Fundi, hii inaristati yenyewe tu," na fundi huuliza, "Inafika mpaka wapi, mzee wangu?" Swali hilo moja lina nusu ya kazi. Inayokatika katika sekunde mbili za mwanzo, kabla hata ya nembo, humwelekeza kwenye umeme, kapasita, kumbukumbu, au kipande cha chuma kilichogusa mgongo wa mazabodi, mathalani kijiti cha shaba kilichoachwa mahali pasipo na tundu la skrubu. Inayofika kwenye nembo ya mtengenezaji na kwenda kidogo huweza kuwa prosesa inayopata moto, kwa sababu feni imezibwa na vumbi na ile lahamu nyeupe iliyo chini yake imekauka ikawa unga. Na inayoifikia nembo ya Windows ndipo ikaanguka, aghalabu ni ya diski, ya programu au ya kirusi. Kisha huvua kila kisichokuwa cha lazima, diski, kadi na nyaya zao, akabakiza mazabodi, prosesa na feni yake, na kipande kimoja cha kumbukumbu, ambacho kwanza hukisugua meno yake ya shaba kwa raba ya penseli, maana hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu huyatia kutu isiyoonekana, na wingi wa mashine zilizohukumiwa kufa zimefufuliwa kwa raba hiyo peke yake. Huchomoa ile betri ya duara ya volti 3 ili mipango ya baiosi irudi asili yake. Mashine ikisimama imara katika uchi huo, huirudishia kiungo kimoja kimoja na kuiwasha kila mara, mpaka kirudi kile kinachoiangusha. Na ikizunguka hata hivyo, hubadilisha pawa saplai kwa nyingine anayoiamini kabla hajaitilia shaka mazabodi. Kazi hii ni ya subira, na fundi anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja ili amalize upesi huenda akaiponya mashine, bali hatajua ilikuwa na nini.

Watu walianza kudhani kwamba hitilafu hii imekwisha kuwa ya mashine kongwe, mpaka Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike ilipeleka faili moja lenye kosa kwa wateja wake duniani, na mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka na kuzunguka katika kuamka, viwanja vya ndege na hospitali zikiwamo. Kosa liligunduliwa na faili likarekebishwa katika muda wa dakika 78, lakini mashine zilizokuwa zikizunguka hazikubaki hai kwa muda wa kutosha kulipokea rekebisho, hata wengine wakashauriwa waziwashe na kuzizima mara kumi na tano kwa kutumaini kwamba moja katika hizo ingewahi. Zilizobaki zilihitaji mtu wa kuziendea moja moja, aziingize katika hali ya usalama, alitafute faili lenye jina linaloanza na C-00000291, alifute. Na pale diski ilipofungwa kwa siri, aandike kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Microsoft imekwisha kuijibu ajali hiyo kwa kuipa Windows uwezo wa kusimama yenyewe baada ya kuanguka mara kadhaa katika kuamka na kutafuta tiba mtandaoni, nao ni uwezo mwema kwa aina hiyo ya ajali, ila unakaa katika diski na unahitaji umeme, kumbukumbu na prosesa vilivyo vizima kabla haujatenda neno. Kwa zile zinazoanguka chini ya hapo, watengenezaji wameongeza vitaa vinne katika mazabodi nyingi za sasa, cha prosesa, cha kumbukumbu, cha skrini na cha diski, na kile kinachobaki kikiwaka ndicho chenye habari. Na katika kompyuta za ofisi zinazotufikia zikiwa zimetumika, kitufe cha kuwashia chenyewe humemeta kwa hesabu maalumu, mara kadhaa kwa rangi ya kaharabu na mara kadhaa kwa nyeupe, na jedwali la hesabu hizo limebandikwa ukutani katika mabanda ya mafundi wanaoijua kazi yao.